Nahodha Matthew Webb, Mwogeleaji Aliyevuka Bahari kwa Kifua

Mtu wa Tororo huzoea mwamba kuliko maji. Atakaye kuogelea hana budi kushuka mto Malaba, au asafiri mpaka Majanji penye Ziwa Victoria. Kwa hiyo huenda wasomaji wengine wakadhani kwamba waogeleaji mashuhuri huzaliwa pwani tu. Sivyo hata kidogo. Mtu wa kwanza kuogelea toka Uingereza mpaka Ufaransa, bila kitu cho chote cha kumsaidia kuelea, alizaliwa bara, katika mji wa wachimba makaa ya mawe.

Matthew Webb alizaliwa tarehe 19 Januari 1848 huko Dawley, katika jimbo la Shropshire. Baba yake alikuwa daktari mwenye watoto wengi. Mto Severn ulikuwa karibu, na humo ndimo Matthew alimojifunza kuogelea. Alipopata umri wa miaka 12 alipelekwa Liverpool, katika meli ya kufundishia mabaharia iitwayo Conway. Mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 15, alimwokoa ndugu yake aliyekuwa karibu kuzama katika mto ule ule wa Severn.

Baadaye akawa baharia katika meli za biashara. Mwaka 1873, alipokuwa katika meli iitwayo Russia, baharia mmoja alianguka katikati ya Bahari ya Atlantiki. Webb hakungoja amri; alijitosa baharini kumtafuta. Yule mtu hakuonekana tena, na Webb mwenyewe alikaa majini zaidi ya nusu saa kabla ya kuokotwa. Kwa ushujaa huo alipewa nishani ya dhahabu.

Hata aliposoma gazetini habari za mtu aliyejaribu kuuvuka mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa akashindwa, moyo wake ulitaka kujaribu. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa nahodha. Akaiacha kazi yake, akaenda London kujizoeza. Tena mwezi wa Mei 1875 Paul Boyton, Mmarekani, aliuvuka mlango huo, lakini alivaa vazi la mpira lililomwelesha. Webb alitaka kuuvuka kwa mikono na miguu yake tu.

Basi tarehe 12 Agosti 1875 aliingia majini kwa mara ya kwanza. Upepo ukavuma, bahari ikachafuka, naye akasukumwa mbali na njia yake. Baada ya saa karibu saba alikubali kutolewa. Alirudi pwani, akapumzika, akangoja hali njema ya hewa.

Tarehe 24 Agosti, saa saba kasoro dakika nne mchana, alijitupa tena majini kutoka gati la Dover. Mwili wake ulikuwa umepakwa mafuta ya pomboo ili kuzuia baridi, na mashua tatu zilimfuata. Aliogelea kwa kifua: mikono huenda mbele pamoja kisha hufunguka kando, na miguu hupiga kama ya chura. Mtindo huo si wa mbio sana, lakini humwezesha mtu kutazama mbele na kuvuta pumzi kwa utaratibu. Wenzake walimpa supu ya nyama na kahawa, naye alikunywa huku akielea, bila kushika mashua. Usiku alichomwa na konyeza, yule kiumbe wa baharini awashaye kama upupu. Alfajiri, alipokuwa ameiona nchi ya Ufaransa, mkondo wa maji ulimzuia kwa muda wa saa tano hivi asiweze kusogea pwani. Webb hakukata tamaa. Tarehe 25 Agosti, saa tano kasoro dakika 19 asubuhi, alikanyaga mchanga karibu na Calais. Alikuwa amekaa majini saa 21 na dakika 45.

Mlango ule una upana wa kilometa kama 33, lakini kwa sababu ya mikondo yasemekana njia yake ilifika kilometa 64. Huo ni mwendo mrefu kuliko kutoka Tororo kwenda Mbale! Ilipita miaka 36 kabla ya mtu wa pili, Thomas William Burgess, kuvuka mwaka 1911.

Uingereza nzima ilimshangilia, na fedha nyingi zikachangwa kwa ajili yake. Lakini sifa ni kama moto wa majani makavu. Mwaka 1880 alioa, akapata watoto wawili, naye alipaswa kuwalisha. Akawa akiogelea kwa mashindano ya fedha na kwa maonyesho. Mara moja alielea ndani ya tangi kwa saa 128. Afya yake ikaanza kudhoofika, na watu wakaanza kuchoka kumtazama.

Ndipo alipoazimu kuogelea chini ya maporomoko ya Niagara, penye mbio kali za maji na shimo ambamo maji huzunguka kama pia. Rafiki zake walimwonya, asisikie. Tarehe 24 Julai 1883 alijitosa kutoka katika mashua ndogo, maji yakamchukua, hakuonekana tena akiwa hai. Maiti yake ilipatikana baada ya siku nne, akazikwa huko huko Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Watu humsifu Webb kwa tarehe 24 Agosti, na ni haki. Lakini mimi naona tarehe 12 yastahili sifa pia. Siku ile aliijua bahari, akaona imemzidi, akarudi. Na kwa kuwa alirudi, aliweza kushinda baada ya siku 12. Kule Niagara hapakuwa na mashua ya kumfuata wala nafasi ya kurudi. Nguvu za mikono na moyo wa uvumilivu alikuwa nazo siku zote; siku ile ya mwisho alikosa ile subira ya 12 Agosti. Wazee wetu wasema, maji usiyoyafika hujui kina chake. Kijana ajuaye kuendelea, na ajue pia kurudi pwani angali hai, apate kujaribu tena.