Albert Einstein na Mshipa Uliovimba

Jina la Albert Einstein twalikuta katika vitabu vya fizikia, lakini ni wachache wajuao jinsi alivyofariki.

Alizaliwa Ulm, Ujerumani, tarehe 14 Machi, 1879. Mwaka 1905, akifanya kazi katika ofisi ya kuandikisha uvumbuzi mjini Bern, Uswisi, alitoa makala zilizogeuza elimu ya fizikia. Baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Hitler aliposhika utawala mwaka 1933, Einstein, kwa kuwa ni Myahudi, hakurudi kwao tena, bali alihamia Princeton, Marekani.

Huko alisumbuliwa sana na maumivu ya tumbo. Desemba 1948 daktari Rudolf Nissen alimpasua katika hospitali moja ya Brooklyn, akaona mshipa mkuu wa damu umevimba kama balungi. Ugonjwa huo huitwa anurisimu: ukuta wa mshipa hulegea na kutanuka, na siku ukipasuka damu humwagika tumboni. Hata matawi yaendayo kwenye ini, wengu na utumbo huweza kuvimba hivyo. Kuutambua ni kazi, maana maumivu yake huweza kufanana na ya nyongo. Nissen aliuzungushia mshipa selofani ili kovu liote na kuutia nguvu. Einstein akaishi miaka 6 zaidi.

Aprili 1955 mshipa ulianza kuvuja. Wakati huo palikuwa na dawa mpya, kwani mwaka 1951 Charles Dubost wa Paris alikwisha kuondoa uvimbe kama huo na kuunga mshipa mwingine. Einstein alishauriwa apasuliwe, akakataa, kwa kuwa hakutaka kurefushiwa maisha kwa nguvu. Alifariki tarehe 18 Aprili, umri wake miaka 76.

Siku hizi mashine ya mawimbi ya sauti huonyesha uvimbe bila kisu, na mara nyingi madaktari hupitisha mrija kinenani hadi kwenye mshipa.

Tena Nissen naye aliihama Ujerumani mwaka 1933 kwa sababu ya utawala ule ule, akapitia Istanbul kabla ya kufika Marekani. Basi mkimbizi alimwongezea mkimbizi mwenzake maisha. Sisi wa Bwizibwera, tukikutana mjini Mbarara na vijana watokao Nakivale, tusiwadharau. Huenda miongoni mwao yumo atakayetutibu kesho.