Andrés Escobar (1967–1994): Maisha ya Beki

Andrés Escobar alizaliwa Medellín, Kolombia, tarehe 13 Machi 1967. Alikuwa beki wa kati wa Atlético Nacional, klabu ya kwanza ya Kolombia kutwaa Kombe la Libertadores, mwaka 1989. Mwaka uliotangulia aliifungia nchi yake bao uwanjani Wembley, ilipotoka sare ya 1-1 na Uingereza. Aliheshimiwa kwa uungwana na utulivu wake.

Tarehe 22 Juni 1994, katika Kombe la Dunia, alinyoosha mguu kuikatiza krosi ya Wamarekani. Mpira ukaingia katika lango lake mwenyewe. Kolombia ilishindwa 2-1. Siku nne baadaye iliifunga Uswisi 2-0, lakini haikuvuka hatua ya makundi. Tarehe 2 Julai aliuawa kwa risasi mjini Medellín, kufuatia ugomvi uliohusu bao hilo. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Kwa Kiswahili twasema kuwa alijifunga. Yafaa ikumbukwe kwamba kiambishi -ji- humfanya mtenda awe pia mtendwa, lakini hakidai kuwa alikusudia. Tofauti hiyo, inayohifadhiwa na sarufi, ndiyo aliyonyimwa Escobar.