Mtwa Mkwawa na Wajerumani wa Sauti Mbili

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mlioko madarasani: kila mtoto wa Kilolo anaijua Lugalo. Lakini si wengi wanaojua kwamba Wajerumani waliokuja kupigana pale hawakuwa na neno moja. Ndiyo habari ninayotaka kuieleza.

Mkwavinyika alizaliwa Luhota mnamo 1855. Baba yake, Munyigumba, aliziunganisha koo za Wahehe. Alipofariki mwaka 1879 utawala uligombewa, na Mkwawa akaushika baada ya kuwashinda wapinzani. Alijenga ngome ya mawe Kalenga, na misafara iliyopita kwake ilitoa hongo.

Mwaka 1891 Julius von Soden akawa Gavana. Hakuwa mwanajeshi, alitaka biashara iendelee kwa mazungumzo na gharama ndogo. Maofisa wa jeshi walitaka kuitiisha bara kwa bunduki. Mkuu wao, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, aliingia Uhehe akichoma vijiji. Tarehe 17 Agosti, 1891, Wahehe walimvizia Lugalo. Aliuawa yeye, Wazungu wengine 9 na askari zaidi ya 200.

Hapo ugomvi wa Wajerumani ukazidi. Soden hakutaka tena safari za vita bara, na huko Berlin wabunge wa upinzani walilalamikia gharama za makoloni. Uhehe ukapata miaka 3 ya kupumua. Lakini mwaka 1893 Soden aliondoka, akaja Friedrich von Schele, mwanajeshi. Tarehe 30 Oktoba, 1894, Kalenga ikaanguka.

Mkwawa aliendelea kupigana porini. Sasa ufa ukahamia kwetu: mwaka 1896 Wajerumani walimtawaza nduguye, Mpangile; mwaka uliofuata wakamnyonga wao wenyewe. Tarehe 19 Julai, 1898, Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi asikamatwe. Fuvu lake lilichukuliwa, likarudishwa Kalenga tarehe 19 Juni, 1954.

Mimi naona hivi: ushujaa wa Lugalo ulikuwa wa Wahehe, lakini muda walioupata baada yake ulitokana pia na mabishano ya wageni. Mabishano yalipokwisha, na sisi tukagawanyika, nchi ilikwenda. Vijana, msomapo historia ya vita yoyote, ulizeni daima adui alikuwa na sauti ngapi, na sisi tulikuwa na ngapi.