Mbuzi wa Harlem: GOAT ambaye hakucheza hata mechi moja NBA

INGIA kijiweni leo, taja neno GOAT, ugomvi umeanza. Wa Messi watakuja na Kombe la Dunia la 2022, wa Ronaldo watakuja na mabao yao, wazee watakukumbusha Pele. Mitandaoni ni picha za mbuzi tu. Herufi hizo nne siku hizi maana yake ni mchezaji bora wa muda wote, na anayepewa lazima awe na kabati la makombe.

Sasa kuna jamaa aliitwa The Goat, yaani Mbuzi, tangu miaka ya 1960 kule Harlem, New York. Kabati hana. NBA hakucheza hata dakika moja. Lakini kituo cha HBO kilimtengenezea filamu akiwa bado hai, na mpaka leo wapenzi wa filamu za kikapu cha mtaani wanamgombania: yale mambo ni kweli au ni chumvi?

Jina lake Earl Manigault.

MTOTO WA LAMI

Alizaliwa Septemba 7, 1944 Charleston, jimbo la South Carolina, akakulia Harlem kwa mama mlezi. Sisi tuna mpira wa mchangani, wao wana kikapu cha lami. Hakuna tiketi, hakuna jukwaa, watu wanasimama pembeni ya uzio na wengine wanapanda juu ya mapaa kuchungulia. Jina la Mbuzi, inasimuliwa, lilitokana na mwalimu aliyeshindwa kulitamka jina la ukoo wake. Likanasa.

Alikuwa na urefu wa kama mita 1.85. Kwa kikapu, huyo ni mtu wa kuleta mpira mbele, siyo wa kupaa. Yeye alipaa. Alikuwa akifunga vyuma miguuni na kufanya mazoezi navyo, siku ya mechi akivitoa anakuwa mwepesi kama kishada.

Unaambiwa alikuwa anadanki kwa mkono mmoja, mpira ukitoka chini ya wavu anaudaka kwa mkono wa pili na kudanki tena kabla hajatua. Unaambiwa pia watu walikuwa wanaweka sarafu juu kabisa ya ubao, naye anaruka na kuichukua.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini. Ukingo wa juu wa ubao uko karibu mita 4. Mtu wa mita 1.85 akinyoosha mkono hafikishi mita 2.5. Kilichobaki fanya hesabu mwenyewe.

Kamera hazikuwepo, kwa hiyo kila anayesimulia anauongeza ubao kidogo. Lakini waliocheza naye hawakuwa watu wa kubabaishwa. Kwenye viwanja hivyo alikutana na akina Connie Hawkins na kijana mmoja mrefu ambaye baadaye dunia ilimjua kama Kareem Abdul-Jabbar. Kareem alipostaafu mwaka 1989 akiwa kinara wa pointi wa NBA, aliulizwa ni nani bora kati ya wote aliowahi kucheza nao au dhidi yao. Mtu aliyewaona Wilt Chamberlain, Magic Johnson na Larry Bird akamtaja Mbuzi.

UNGA UKAINGIA

Shule ya sekondari Benjamin Franklin ilimfukuza kwa tuhuma za bangi. Akapata nafasi ya pili Laurinburg, shule ya North Carolina, akamaliza. Vyuo vikubwa vilimtaka, akachagua Johnson C. Smith, chuo cha watu weusi mjini Charlotte. Hakuelewana na kocha, darasani nako kukawa kugumu. Akarudi Harlem mapema.

Harlem ya miaka hiyo heroini ilikuwa inauzwa kila kona. Mtu ambaye watu walikuwa wanapanda mapaa kumuona, akawa teja. Unga hauna rafiki. Mwaka 1969 akaenda jela, akakaa miezi 16.

Mwaka 1970 mwandishi Pete Axthelm akatoa kitabu The City Game kuhusu kikapu cha New York, na Mbuzi yumo. Mmiliki wa Utah Stars ya ligi ya ABA, iliyokuwa inashindana na NBA wakati huo, akakisoma na kumuita kwenye majaribio. Hii ndiyo simu ambayo kila kijana wa mtaani anaisubiri maisha yake yote. Ilipigwa, ila imechelewa. Miguu ilikuwa imeshaliwa na unga. Akaachwa.

FILAMU NA WATAZAMAJI WAKE

Novemba 1996 ikatoka Rebound: The Legend of Earl 'The Goat' Manigault, iliyoongozwa na Eriq La Salle. Anayemuigiza Mbuzi ni Don Cheadle, yule yule tuliyemuona baadaye kwenye Hotel Rwanda. Forest Whitaker ni Holcombe Rucker, mtu wa viwanja aliyeanzisha mashindano maarufu ya Harlem.

Mashabiki wa filamu hizi ni kama sisi wa soka, hawakubaliani. Wapo wanaoangalia danki tu, wanarudisha nyuma na kuangalia tena. Wapo wanaosema Cheadle anaigiza vizuri ila si mtu wa kikapu, mwili unamsaliti. Wapo waliochoka kuona kijana mweusi kila filamu amesimama kati ya mpira na unga, kama vile mtaani hakuna maisha mengine.

Hoja hizo zote zina uzito. Mei 1, 1998 ilipotoka He Got Game, Spike Lee alimaliza ile ya pili kwa kumchukua Ray Allen, mchezaji halisi wa NBA. Watu wakafurahi, kwa sababu kule kijana ana mlango wa kutokea.

Hadithi ya Mbuzi inawanyima watu mlango huo. Ndiyo maana ubishi wa sarafu ni mtamu kuliko filamu yenyewe. Ukibishana alifika juu kiasi gani, hulazimiki kuuliza alianguka vipi.

Yeye mwenyewe hakulikwepa swali hilo. Alipotoka jela aliandaa mashindano ya vijana kwenye uwanja wa Amsterdam Avenue, Manhattan, kuwaambia wasipite alikopita. Haikuwa safari iliyonyooka. Mwaka 1977 alinaswa tena kwa jaribio la wizi, akafungwa miaka miwili. Akatoka, akawachukua wanawe wawili wakarudi Charleston ili awe mbali na unga. Baadaye akarejea New York, moyo ukiwa umechoka na umefanyiwa upasuaji, akaendelea kukaa na watoto kiwanjani. Hawa walikuwa hawajawahi kumuona akiruka. Walichokiona ni mzee mgonjwa aliyewahimiza kusoma.

Alifariki Mei 15, 1998, wiki mbili tu baada ya He Got Game kutoka. Moyo ulishindwa kufanya kazi. Alikuwa na miaka 53. Uwanja ule wa Amsterdam jina lake rasmi ni lingine, ila watu wanauita Goat Park.

Ukiipata Rebound, itazame yote. Danki zikiisha usizime. Sehemu ya mwisho ndiyo aliyotaka vijana waione, na siku ukimuona fundi wa mtaani kwenu anaanza kukosa mazoezi na macho yamebadilika, usisubiri aachwe kwenye majaribio ndiyo uulize kulikoni.