Mwezi Gisabo: Wajerumani walimshinda, kisha wakamhitaji

Mfanyabiashara anayetoka soko la Jabe kwenda Tanzania kupitia Kobero hupanda milima ambayo zamani haikupitwa ila kwa ridhaa ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Mwami Mwezi Gisabo, mwana wa Ntare Rugamba, aliyetawala Burundi tangu katikati ya karne ya 19 hadi 1908.

Kabla ya Wazungu alishapimana nguvu na wafanyabiashara wenye bunduki. Mohamed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa na makao Ujiji, alijaribu kuingia kutoka ziwani akitafuta watumwa na pembe. Ufukweni alifanikiwa, milimani akarudishwa na watu wa mikuki na mishale.

Wajerumani walipojenga kituo cha kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897, walirithi tatizo hilohilo. Maofisa walikuwa wachache, askari wao walitoka mbali, na Dar es Salaam ilikuwa safari ya wiki nyingi kwa miguu. Mwami hakutaka kuwaona wala kuonwa nao. Alihama kutoka ua mmoja hadi mwingine, na vijiji havikusema yuko wapi.

Kapteni von Beringe (ndiye huyo ambaye jina lake limebaki kwa gorila wa milimani) aliona njia ya mkato. Kilima, aliyeshika kaskazini-magharibi, na Maconco, mkwe wa Mwami, walikuwa wameasi. Beringe akajiunga nao, akachoma na kuwinda mpaka Gisabo akasalimu amri. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwami alikubali mamlaka ya Ujerumani, akatozwa ng'ombe 424, akatakiwa kuilinda misheni ya Muyaga na kutengeneza barabara ya kutoka Usumbura hadi huko, upande wa Cankuzo. Kilima na Maconco walitambuliwa kuwa huru kwake.

Ungedhani Beringe alipongezwa. Gavana von Götzen alikasirika, naye kapteni akaondolewa. Hesabu ya gavana ilikuwa rahisi: nchi iliyovunjwa vipande inahitaji askari katika kila kipande, na askari hao hakuwa nao. Waingereza nchini India walikuwa wameshapita hapo. Baada ya uasi wa 1857 waliacha kumeza falme, wakabaki na maraja zaidi ya 500 wanaotawala watu wao chini ya bendera ya Uingereza. India ilikuwa karibu kuliko tunavyofikiri, kwani hata fedha iliyozunguka Usumbura iliitwa rupia, na baadhi ya wenye maduka walikuwa Wahindi.

Basi von Grawert, aliyefuata, akageuza mambo. Mwaka 1905, wakati vita vya Maji Maji vilipoanza kusini na kila bunduki ilihitajika huko, Gisabo alitambuliwa kuwa mfalme wa Burundi yote. Maconco alipigwa risasi. Kilima alikamatwa na kupelekwa mbali. Washirika wa 1903 ndio waliolipa gharama ya sera mpya, na kwa maoni yangu hapo ndipo mzee alipoonyesha akili zaidi kuliko vitani. Alishindwa, akangoja, na waliomshinda wakamwondolea maadui zake.

Hakuipata nchi bure. Aliipata kama mtu wa Wajerumani, na watemi wa mbali hawakuacha kumkaidi.

Alifariki Agosti 1908. Mrithi, Mutaga, alikuwa kijana wa miaka kama 15, na wakubwa wa ukoo, Ntarugera akiwa mbele, wakagawana nguvu. Mwaka 1912 Wajerumani walihamisha makao yao kutoka ziwani hadi Gitega, kule kule milimani walikomtafuta Mwami miaka yote ile.