Moses Mendelssohn na Wanawe

Katika kurasa hizi tumezoea kusimulia maisha ya masahaba, maimamu na wanazuoni wa umma wetu. Leo tumemchagua Yahudi wa Ujerumani aliyekufa mwaka 1786, na huenda msomaji akastaajabu. Asistaajabu. Hekima huokotwa popote inapoonekana, na Qurani Tukufu imejaa khabari za Wana wa Israili ambazo tumeamrishwa tuzizingatie. Mtu huyu aliitwa hadharani aingie Unasara, akakataa kwa hoja na kwa adabu. Kisha alipokwisha kufa, wanne katika watoto wake sita waliobaki hai wakabatizwa. Kisa hiki kina mazingatio kwa kila mzazi wa Kiislamu.

Moses Mendelssohn alizaliwa tarehe 6 Septemba 1729 katika mji wa Dessau. Baba yake, Mendel, alikuwa fakiri aliyepata riziki kwa kunakili Taurati kwa mkono na kusomesha watoto. Mwana alikuwa dhaifu wa mwili, mwenye kibiongo, lakini mwenye akili kali. Alisoma Taurati, na Talmudi ambayo ndiyo bahari ya fikihi ya Kiyahudi, kwa rabi wa mji, yaani mwanachuoni wao, jina lake David Fränkel. Mwaka 1743 mwalimu huyo alihamia Berlin, mji mkuu wa Prussia, na mwanafunzi wake wa miaka kumi na minne akamfuata.

Katika Berlin ya zama hizo Yahudi hakuwa na haki ya kukaa ila kwa kibali. Alitozwa kodi ambazo Mnasara hakutozwa, akafungiwa kazi nyingi, na cheo cha serikali hakukitarajia. Kijana Mendelssohn alikaa katika chumba cha darini, akala kwa kubahatisha, na huku akajifunza Kijerumani cha vitabuni, Kilatini, Kiyunani, Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 1750 aliajiriwa na mfanya biashara ya hariri, Isaac Bernhard, awasomeshe watoto wake. Baadaye akawa karani wa hesabu katika kiwanda cha tajiri huyo, kisha msimamizi, na mwisho mshirika. Maisha yake yote mchana ulikuwa wa hariri na hesabu, na usiku ulikuwa wa vitabu.

Mwaka 1754 alijuana na mwandishi wa Kinasara, Gotthold Ephraim Lessing, katika mchezo wa sataranji, na urafiki wao haukukatika mpaka kufa. Mwaka 1763 Jumuiya ya Wataalamu ya Kifalme ya Berlin ilitoa tuzo kwa risala bora ya falsafa. Mendelssohn akaipata, na Immanuel Kant, ambaye dunia nzima inamjua leo, akawa nyuma yake. Mwaka 1767 alitoa kitabu kiitwacho Phädon juu ya kubakia kwa roho baada ya mauti, nacho kikasomwa Ulaya nzima. Hata hivyo, mwaka 1771 jumuiya ile ile ilipomchagua awe mwanachama, mfalme Frederick wa Pili hakuidhinisha. Kibali cha kukaa Berlin alichopewa mwaka 1763 kilikuwa chake peke yake. Wanawe hawakuweza kukirithi.

Basi huyu ndiye mtu aliyekuja kujaribiwa. Mwaka 1769 padri kijana wa Zurich katika nchi ya Uswisi, Johann Caspar Lavater, alifasiri kwa Kijerumani sehemu ya kitabu cha Charles Bonnet wa Geneva kilichodai kuthibitisha Unasara kwa dalili za akili. Akakipiga chapa, na mwanzoni mwake akaandika kuwa anamtunuku Mendelssohn. Kisha akamtaka, mbele ya watu wote, ama azivunje dalili hizo, ama afanye analopaswa kufanya mtu mkweli aliyeshindwa kuzivunja, yaani abatizwe.

Ulikuwa mtego wa pande mbili. Akinyamaza, watu watasema ameshindwa. Akiuvunja Unasara hadharani katika dola ya Manasara, madhara hayatamfika yeye peke yake. Yatawafika Mayahudi wote waliokuwa wakikaa kwa hisani ya wafalme. Mendelssohn akachagua njia ya tatu. Katika waraka wake wa Desemba 1769 alieleza kuwa dini yake hakuirithi kwa upofu, kwani ameichunguza tangu ujana wake. Na lau uchunguzi huo ungemwonyesha kuwa si ya kweli, hakuna kitu ambacho kingemfunga kwayo, kwa kuwa ni dini yenye taklifu nyingi, na watu wake ni wenye kudharauliwa, wala haina faida ya kidunia hata moja. Akaongeza kuwa Mayahudi hawatumi walinganiaji kwa mataifa. Kwa itikadi yao sheria ya Musa imewajibika kwa Wana wa Israili tu. Watu wengine yawatosha zile amri chache za Nabii Nuhu, na mwema wao ana fungu lake huko akhera. Kwa hivyo haoni sababu ya kuibomoa imani ya jirani yake anayeishi vyema. Lavater akaona haya, akaomba radhi hadharani. Lakini mashaka hayo yalimwandama Mendelssohn; mwaka 1771 akashikwa na maradhi ya mishipa ya fahamu, na waganga wakamkataza kusoma na kuandika kwa muda mrefu.

Hapa yafaa msomaji ajue namna Mayahudi walivyomtazama mwenzao aliyebatizwa. Katika fikihi yao aliyezaliwa Yahudi hatoki katika taifa hilo kwa kubatizwa. Huhesabiwa Yahudi aliyeasi, na baadhi ya haki zake na heshima yake katika jamaa hupotea. Aliyelazimishwa kwa upanga walimtenga na aliyekwenda kwa khiari, na yule wa kwanza wakamhurumia. Rabi Gershom, aliyeishi Ujerumani miaka elfu moja iliyopita, anatajwa kuwa alikataza aliyerejea katika dini kukumbushwa uasi wake kwa kumwaibisha. Na wako katika watu wa kawaida waliomkalia matanga mtoto aliyebatizwa kwa khiari yake, kana kwamba amezikwa. Tuelewe sababu ya uchungu huo. Kwa karne nyingi ubatizo uliwajia Mayahudi wa Ulaya pamoja na kufukuzwa, kunyang'anywa mali na kuuawa. Kila aliyekwenda kwa hiari yake alionekana amehamia upande wa waliowachinja babu zake.

Ama Mendelssohn, alirejea katika kazi. Kati ya mwaka 1780 na 1783 alitoa tafsiri ya Taurati kwa Kijerumani safi kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, pamoja na sherehe ya maneno yake. Muradi wake ulikuwa vijana wa Kiyahudi wakifahamu Kitabu chao na wapate lugha ya nchi kwa pamoja. Baadhi ya marabi wakubwa walimpinga. Rabi Ezekiel Landau wa Prague alikhofu kuwa Kijerumani hicho kigumu kitamfanya kijana autumie wakati wake katika kujifunza lugha, na Taurati igeuke mtumishi wa Kijerumani.

Mwaka 1782 akatokea mtu mwengine, kwa kijitabu kisicho na jina la mwandishi, akadai kuwa Mendelssohn kwa fikra zake za uhuru amekwisha kuiacha nusu ya Uyahudi, na kwamba imebaki hatua moja tu. Mendelssohn akamjibu mwaka 1783 kwa kitabu kiitwacho Jerusalem. Humo alishika kuwa dola haina mamlaka juu ya itikadi ya mtu, wala watu wa dini hawana haki ya kuilazimisha. Akawaambia wenziwe waingie katika maisha ya nchi wanayokaa, lakini waishike sheria ya dini yao. Na ikiwa haki za uraia haziji ila kwa kuitupa sheria, basi ni bora wazikose. Hayo ndiyo yaliyokuwa msimamo wake mpaka alipofariki Berlin tarehe 4 Januari 1786. Watu wa dini mbili wakamlilia.

Sasa tuwatazame wanawe. Binti mkubwa, Dorothea, babake alimwoza kwa Yahudi mwema, Simon Veit. Mwaka 1799 akaachana naye kwa ajili ya mwandishi Friedrich Schlegel. Mwaka 1804 akabatizwa katika Uprotestanti na kuolewa na Schlegel, na mwaka 1808 wote wawili wakaingia Ukatoliki. Vijana wawili aliowazaa na Veit wakamfuata mama yao. Binti mwengine, Henriette, naye akaingia Ukatoliki. Nathan, kitinda mimba, akawa Mprotestanti. Abraham aliwabatiza watoto wake mwaka 1816, na mwaka 1822 akabatizwa yeye na mkewe. Mmoja wa watoto hao, aliyekuwa na miaka saba siku ya ubatizo wake, ni Felix Mendelssohn, mtunzi mashuhuri wa muziki. Waliobaki katika dini ya baba yao ni Joseph na Recha tu.

Tujiulize basi: ni hoja gani iliyowashinda hawa, hali baba yao hakushindwa na hoja yoyote? Jawabu ni kwamba hapakuwa na mjadala. Abraham alimweleza binti yake kuwa dini zote kwake ni sura mbali mbali za wema mmoja, na kwamba ameuchagua Unasara kwa kuwa ndiyo sura inayokubaliwa na watu wengi walioelimika. Kwa mtu mwenye fikra hiyo, dini ni nguo. Huvaliwa ile inayofaa baraza. David Friedländer, mwanafunzi wa Mendelssohn mwenyewe, mwaka 1799 alifika kumwandikia mkuu wa kanisa Berlin bila ya kutia jina, akitaka baadhi ya Mayahudi wapokewe kanisani bila ya kuitakidi uungu wa Yesu. Padri akakataa. Na serikali iliusukuma mlango huo kwa mkono wake. Sheria ya Prussia ya mwaka 1812 iliwafanya Mayahudi raia, lakini mwaka 1822 wakafungiwa kazi za ualimu katika vyuo vikuu. Mwaka 1825 mshairi Heinrich Heine akabatizwa, na mwaka huo huo mwanasheria Eduard Gans, ambaye baadaye alipata kiti cha ualimu Berlin. Babake Karl Marx naye alibatizwa ili aendelee na uwakili wake. Walioingia kwa njia hii ni wengi kuliko walioshindwa na padri yeyote.

Asiseme mtu kuwa ni njaa tu. Joseph na Abraham walifanya kazi katika benki moja, mali yao ilikuwa moja, na watu wa mji waliwaheshimu sawasawa. Mmoja akabaki na mwengine akatoka. Tofauti yao moja yafaa ikumbukwe. Baba alipokufa Abraham alikuwa na miaka tisa, Henriette miaka kumi, na Nathan miaka minne. Joseph alikuwa na miaka kumi na mitano, na ndiye aliyekuwa akikaa mbele ya babake kila asubuhi akisomeshwa kumjua Mungu. Darasa hizo zikatoka kitabu mwaka 1785. Walakini Dorothea pia alilelewa na baba huyo huyo, naye akatoka. Malezi ni wajibu wa mzazi, na uwongofu ni wa Mwenyezi Mungu. Mwana wa Nabii Nuhu alikataa kupanda jahazi na baba yake yumo ndani.

Wala ubatizo haukuwapa kizazi kile amani waliyoinunua. Mwaka 1936, chini ya utawala wa Hitler, sanamu ya Felix Mendelssohn katika mji wa Leipzig iliondolewa kwa kuwa yeye ni Yahudi, na muziki wake ulikuwa umepigwa marufuku. Miaka mia moja na ishirini ya unasara haikumfaa kitu mbele ya wenye chuki.

Na tumkumbuke Simon Veit, mume aliyeachwa. Vijana wake walipoingia Ukatoliki alisikitika, naye hakuiacha dini yake. Lakini hakuwafungia mlango, wala hakuacha kuwapenda na kuwasaidia.

Ndugu Waislamu, dini yetu si ya kabila moja. Sisi tumeamrishwa tuwalinganie watu wote kwa hekima na mawaidha mema, na tumekatazwa kumtia mtu katika dini kwa nguvu. Hapo tunatofautiana na Mendelssohn. Lakini katika khatari iliyoifika nyumba yake sisi na yeye tu sawa. Wengi wetu tunamwogopa mhubiri wa njiani, tunakusanyika kumjibu, tukirudi tumeridhika. Na huku mtoto wetu ana miaka kumi, hajui kwa nini anasali, na hatujakaa naye asubuhi moja. Siku atakapoambiwa kuwa jina lake linamzuilia kazi, au kuwa dini zote ni moja, hatakuwa na la kujibu, kwa kuwa sisi hatukumpa. Tusomeshe lugha na elimu za dunia kama Mendelssohn alivyosomesha, wala tusizikimbie. Lakini tukae na watoto wetu sisi wenyewe, mapema, kabla mauti hayajatutangulia. Na aliyetoka katika wao tumwache mlango wazi, tusimwaibishe siku atakaporejea.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu, na atujaalie sisi na wao kufa katika Uislamu. Amin.