Bwana Bell na Tiara Iliyovutwa na Mashua

Wanafunzi wenzetu, jina la Alexander Graham Bell tunalijua juu ya telefoni. Lakini wengi kati yetu hawajasikia bado kama huyu bwana alitumia miaka mingi ya maisha yake kwa kutengeneza tiara, ile kitu watoto wanarusha katika upepo na kamba mkononi. Tena tiara yake moja ilivutwa na mashua ya mvuke, na mtu alikuwa ndani. Njo habari tunataka kuwaelezea leo.

Bell alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tatu 1847 ku Edinburgh, katika Scotland. Baba yake alikuwa mwalimu wa kufundisha watu kusema vizuri, na mama yake alikuwa na masikio mazito. Kifua kikuu kiliua ndugu zake wawili, mmoja mwaka wa 1867 na mwingine 1870. Wazazi wakaogopa kumpoteza huyu wa tatu pia, wakahama naye kwenda Kanada. Kisha akaenda Boston, Marekani, kufundisha viziwi. Mwanafunzi wake mmoja, Mabel Hubbard, alikuwa kiziwi tangu miaka 5 sababu ya ugonjwa. Walioana mwaka wa 1877. Hati ya serikali ya telefoni Bell aliipata tarehe 7 mwezi wa tatu 1876. Alikuwa ametimiza miaka 29 siku ine tu mbele.

Telefoni ikamletea feza mingi. Angeweza kukaa na kupumzika, lakini hakukaa. Ku Baddeck, kijiji cha Nova Scotia katika Kanada, alikuwa na nyumba kubwa na atelie pembeni ya ziwa Bras d'Or. Mwaka wa 1896 Mjerumani Otto Lilienthal alianguka na mabawa yake akafa. Bell akawaza kama mashine ya kuruka inapaswa kwanza isiue mtu mwenye kuipanda. Njo maana alichagua tiara: inasimama hewani bila mbio, na upepo ukipunguka, ile iliyotengenezwa vizuri inashuka pole pole.

Hapa kulikuwa fundo moja, na wenye kupenda hesabu watalielewa upesi. Ukiongeza kitu mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uso wake unakuwa mara 4, lakini uzito unakuwa mara 8. Kwa hiyo wajuzi wengine walisema tiara kubwa ya kubeba mtu itakuwa nzito kupita nguvu yake. Bell hakufanya tiara moja kubwa. Alifanya kijumba kidogo chenye nyuso 4 za pembe tatu, akafunika nyuso 2 na hariri, akaunga vijumba pamoja. Vijumba 4 vina uzito mara 4 na hariri mara 4. Uzito haukimbii mbele ya uso tena! Na hii umbo ya pembe tatu ni ngumu sana, haipindiki ovyo.

Mwezi wa kumi na mbili 1905, tiara yenye vijumba 1,300 ilinyanyua mtu juu ya inchi. Bell akaendelea. Tarehe 1 mwezi wa kumi 1907 yeye na vijana wane waliunda chama cha kujaribu kuruka, na Mabel njo alitoa feza yake mwenyewe kwa kazi hiyo. Katika wale vijana mmoja alikuwa Thomas Selfridge, afisa wa jeshi la Marekani.

Tiara mpya, Cygnet, ilikuwa na vijumba 3,393 vya hariri nyekundu, na upana wa karibu metre 13. Walichagua kuijaribu ku maji, sababu maji hayavunji mifupa kama inchi, na tena mashua ikikimbia kupinga upepo, inaongeza nguvu ya upepo ule. Tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 1907, katika baridi kali, Selfridge alilala kifudifudi katikati ya vijumba. Mashua ya mvuke Blue Hill ikavuta. Tiara ikapanda metre 51, ikasimama huko dakika 7, imetulia kabisa.

Kisha upepo ukapunguka. Tiara ikashuka pole pole hata Selfridge, mwenye hakuona chini, hakutambua kama anashuka. Ku mashua mtu alikuwa tayari kukata kamba, lakini moshi wa mashua ulimfunika macho. Kamba haikukatwa kwa wakati. Mashua ikaendelea kuvuta, ikaburuta tiara ndani ya maji, ile kazi yote ikapasuka vipande vipande. Selfridge akatoka ndani, akaokolewa bila jeraha kubwa.

Kazi ya chama ikageukia ndege za motere. Tarehe 17 mwezi wa tisa 1908, ku Fort Myer, Selfridge alipanda ndege pamoja na Orville Wright. Panga la ndege likavunjika, wakaanguka. Wright alipona, lakini Selfridge akafa, mtu wa kwanza kuuawa katika ndege ya motere. Ile tiara ya pole pole ilikuwa imemrudisha mzima. Hii ya mbio haikumrudisha.

Lakini tusiseme Bell alishinda. Vijumba vyake vilikamata hewa mingi mno, na hata alipoweka motere ndani, haikuwa ndege ya kweli. Vijana wake njo waliendelea: tarehe 23 mwezi wa pili 1909 McCurdy aliruka na Silver Dart juu ya barafu ya Baddeck, ndege ya motere ya kwanza katika Kanada. Na Bell alirudi ku maji. Mwaka wa 1919 mashua yake HD-4, yenye kusimama juu ya mabawa ya chini ya maji, ilifikia kilometre 114 kwa saa, mbio kupita mashua zote za siku zile.

Alikufa ku Baddeck tarehe 2 mwezi wa nane 1922, na miaka 75. Saa ya kumzika, telefoni za Marekani na Kanada zilinyamaza dakika moja.

Sisi wenye kufanya majaribio katika darasa, tukumbuke ule moshi. Hesabu ya vijumba ilikuwa sawa, kamba ilikuwa nguvu, lakini mwenye kushika kisu hakuona. Mbele ya kujaribu kitu, tuulize pia nani atatazama, na kama anaona vizuri.